Mkono wa Kushoto wa Mzee Gerishom

Malindi,
Jumapili, 14 Februari 1988

Kwa Dada yangu mpendwa Jedida,

Nakuandikia ili nikuombe umwandikie Baba na kumsihi aendelee kuja Malindi kila Jumamosi kupiga kinanda. Nimelitanguliza ombi kabla ya salamu, kinyume cha tulivyolelewa, kwa kuwa najua kazi ya uuguzi haikupi nafasi ya kusoma barua hadi mwisho, nami nisingependa neno hili libaki chini ya karatasi wakati umeitwa na mgonjwa.

Sasa shikamoo, Dada. Huku sote tu wazima kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mama amevuna choroko kidogo tu, maana vuli ilimdanganya. Anakusalimu, na anauliza kama huko Busia wanajua kupika mboga ya mchunga au wewe umekwisha kuwa mtu wa samaki wa ziwani. Kaka yetu Kiponda yuko Marereni kwenye mashamba ya chumvi; alikuja mwaka mpya, macho mekundu kwa mng'ao wa mashamba yale, akalala sana, akarejea.

Ama mimi, tangu nilipohitimu Shahada ya Muziki sikungoja kupangiwa shule. Nimeajiriwa na tajiri mmoja Mtaliano ambaye amejenga chumba cha muziki nyuma ya nyumba yake. Ndani mna kompyuta, na kinanda cha umeme kilichoungwa nayo kwa waya. Sidhani kama kuna kingine cha namna hii kutoka hapa hadi Mombasa. Tajiri huyu alikwenda kwetu Marafa kutazama korongo la Nyari, akapita kanisani Jumapili, akamsikia Baba akipiga tenzi kwa mwendo wa ngoma ya mwanzele. Hakulala. Anataka nyimbo kumi na mbili za Baba ziingizwe katika kompyuta, naye amenidokeza kwamba kazi hii ikikamilika vema, chumba kizima kitakuwa chini ya usimamizi wangu, na huenda akanipeleka kwao kuongeza elimu.

Baba amekuja tangu mwezi wa kumi na moja, juu ya lori la nanasi, na tumefikia wimbo wa tano. Sasa ameanza visingizio. Mara lori limeharibika, mara mbuzi amepotea. Juzi nilipombana akanijibu, "Kinanda chako kina nongwa, Lewa. Cha kanisani hakijanilalamikia miaka yote hii."

Baba hukusikiliza wewe. Tafadhali mwandikie.

Mdogo wako mtiifu,
Dedan Lewa Gerishom, Shahada ya Muziki


Busia,
9 Machi 1988

Mdogo wangu Lewa,

Marahaba. Barua yako imesafiri kama mgonjwa wa machela, imefika jana. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu. Tumepokea wagonjwa wengi na wauguzi wawili wamehamishwa, basi nalala nikiwa na viatu. Mwambie Mama mchunga upo, ila huku hawatii nazi, na mchunga usio na nazi ni adhabu.

Baba nimemwandikia leo leo. Nimemwambia asikuangushe. Sikumwambia kwamba siku hizi unatia sahihi pamoja na shahada ukimwandikia dada aliyekuogesha. Hilo nimeliweka, nitalitumia siku ya haja.

Lakini nieleze. Baba akiumwa na jino hupiga kinanda. Alipofiwa na mama yake alipiga, akalia baadaye. Kinanda hicho chenu kinagombana naye kwa lipi?

Dada yako,
Jedida


Malindi,
Jumapili, 20 Machi 1988

Kwa Dada yangu mpendwa Jedida,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu. Huku joto la Machi limetukaba; Mama anasema hata kuku wanatembea midomo wazi. Sahihi yangu nimeipunguza, kama utakavyoona mwisho wa barua.

Neno lako limefanya kazi. Baba amerudi, na tumefikia wimbo wa nane.

Umeuliza kinanda kinagombana naye kwa lipi. Swali linastahili jibu kamili, na kwa bahati ndilo somo ninaloliweza. Kinanda cha kanisani, Dada, ni pumzi. Miguu inakanyaga, upepo unapita, na kibao ukikibonyeza kwa kidole cha mtoto au kwa ngumi ya mwashi, sauti ni ile ile. Kinanda cha tajiri hakina pumzi. Kila kibao kinaposhuka, kompyuta huandika ni noti gani, imeshikwa kwa muda gani, na imepigwa kwa nguvu gani. Watengenezaji wenyewe huliita jambo hili la tatu kasi, maana mashine haipimi uzito wa kidole bali wepesi wa kibao kushuka. Mimi nimeliita nguvu ya mguso. Huandikwa kwa tarakimu: moja ni mnong'ono, mia na ishirini na saba ni kelele. Katika kioo cha kompyuta kila noti ina kijiti kimesimama chini yake, kirefu kwa iliyopigwa kwa nguvu, kifupi kwa iliyoguswa tu. Ukitazama wimbo mzima ni kama ua wa fito ambazo fundi hakuzikata sawa.

Fito za mkono wa kulia wa Baba zinapendeza, themanini, tisini. Mkono wa kushoto ndio unaonipa kazi. Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kile kidogo, ambavyo ndivyo vinavyobeba besi, vinaanguka hadi thelathini, na pengine kibao hakishuki kabisa. Baba akishapanda lori kurudi, mimi huketi, nikakishika kila kijiti kifupi na kukivuta juu, kimoja kimoja, hadi ua ukae sawa. Ni kazi ya subira kama kuchambua mchele. Nikimaliza nahifadhi, na wimbo uliosahihishwa unakaa mahali pa ule wa kwanza.

Jumamosi nilimchezea Baba wimbo wa tatu uliokamilika. Alisimama, akakizunguka kipaza sauti kama mtu anayemtafuta mwenziwe nyuma ya mlango. "Ni mimi huyo?" akauliza. "Ni wewe, Baba." Alifurahi hata akaomba kanda yake mwenyewe ya kwenda nayo nyumbani. Yako naiambatisha hapa. Isikilize, uniambie kama si kazi ya kiwango.

Mdogo wako,
Lewa


Busia,
2 Mei 1988

Mdogo wangu Lewa,

Marahaba. Nisamehe kimya. Mvua zimekata barabara, kanda ikafika imelowa, tukaianika dirishani kama dagaa. Kisha sikuwa na redio ya kanda. Mwenzangu Mueni aliazima moja kwa bwana yake, tukasikiliza baada ya zamu tukiwa tumeketi juu ya marobota ya shuka.

Nililia, Lewa. Nilikuwa Marafa. Nilimwona Mama akijipepea kwa kitabu. Mueni, ambaye kwao ni Kitui na hajui hata wimbo mmoja kati ya hizo, aliniambia, "Baba yako ana mkono wa kushoto kama trekta." Tukacheka.

Halafu nikairudia barua yako ya mwezi wa tatu. Sikuipenda nilivyoisoma mara ya pili. Nataka majibu, na usinijibu kama mwalimu. Vile vidole viwili: vilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza, au vimezidi kudhoofika? Vya mkono wa kulia je? Kile kidogo kinanyooka na wenzake, au kimejikunja? Akishika kitu cha moto, anashituka? Mkononi au mgongoni ana baka lililopauka, hata dogo, lisilotoka jasho?

Nenda Marafa ukamtazame kwa macho. Sisemi kwa nini nauliza.

Jedida


Malindi,
Jumapili, 22 Mei 1988

Kwa Dada yangu mpendwa Jedida,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa mvua, ijapokuwa lori la nanasi limekwama mara mbili na Baba amelazimika kulala kwangu. Mama amepanda mahindi. Kiponda ameleta mfuko wa chumvi ambao utatutosha hadi harusi ya wajukuu.

Nimeyasoma maswali yako kwa heshima. Niruhusu niseme kwamba nadhani kazi unayoifanya inakufanya uone wagonjwa hata mahali penye watu wazima, jambo ambalo halina lawama. Sababu ya udhaifu wa vidole vile ni ya kimuziki. Mtu aliyepiga kinanda cha pumzi maisha yake yote hajapata kudaiwa nguvu na kibao, hivyo mkono wake haukujifunza kubonyeza. Ni kweli kwamba mwezi wa kumi na moja besi zilikuwa hamsini na ushei, na sasa ni ishirini. Hilo pia lina maelezo: kadiri anavyojua kuwa nitamsahihishia, ndivyo anavyolegea. Mkono wa kulia hauna kasoro.

Kuhusu vitu vya moto, nina kichekesho. Mama anasema juzi Baba aliipua sufuria ya kimanga cha mihogo kwa mikono mitupu, akaja nayo hadi mezani akisimulia habari za mkutano wa kanisa, mpaka Mama akasikia harufu kama ya nyama inayoungua. Akapiga ukelele. Baba akatazama kidole chake akacheka: "Mkono wa mkulima ni ngozi ya kiboko."

Mabaka sikutazama. Haielekei mtoto kumwambia baba yake avue shati.

Tumerekodi wimbo wa kumi na mbili, wa mwisho. Bado sijausahihisha, nimechoka macho. Habari njema ni kwamba kanda ya Baba imekuwa maarufu: mzee wa kanisa Katana ameisikiliza mara mbili, na pasta anataka nakala.

Mdogo wako,
Lewa


Busia,
6 Juni 1988

Lewa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi.

Nitaliandika jina lake mara moja, na wewe usilitaje mbele ya majirani: ni ukoma. Sijamwona Baba wala sijamshika kiwiko kuupapasa mshipa wa fahamu, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini wodi ninayofanyia kazi ni ya watu hao, na wengi walianza hivyo hivyo: kidole kidogo na mwenziwe, sufuria ya moto, na kicheko.

Sikiliza vizuri. Si laana. Si mwisho wa mtu. Dawa zipo siku hizi, na mtu akianza kuzimeza hamwambukizi tena mwenziwe. Mtu asimtengee Baba kikombe wala mkeka. Sisi hapa tunakula nao. Lakini dawa inaua ugonjwa, haifufui kilichokufa. Mshipa uliolegea jana unaweza kuokolewa. Uliolegea mwaka jana, unaokoa kilichobaki tu. Umeniambia kutoka hamsini hadi ishirini, Lewa. Umeniandikia mkono wa Baba ukifa mwezi kwa mwezi, nawe ukaniambia ni habari za muziki.

Sikulaumu. Nimekulaumu usiku kucha na asubuhi nimeacha.

Mpeleke hospitali ya Malindi juma hili. Simu ya hapa imekatika tangu mvua. Nijibu upesi.

Jedida


Malindi,
Jumapili, 17 Julai 1988

Kwa Dada yangu Jedida,

Shikamoo. Umengoja jibu. Barua hii nimeianza mara nyingi, kila mara ikaishia kwenye salamu. Mama hajambo. Mahindi yamebeba. Kiponda hajambo. Sasa sina pengine pa kujificha.

Nilikwenda Marafa siku ile ile niliyopata barua yako. Baba alikuwa barazani anafuma kamba. Nilimtazama kama ulivyoniagiza, kwa macho. Kidole kidogo hakifumi, Dada. Kimejikunja kando kama mtu aliyenuniwa na wenzake, na kamba anaivuta kwa meno. Nimeketi bega kwa bega na mkono huo tangu mwaka jana nikitazama kioo.

Nikamwambia, "Baba, twende Malindi ukaangaliwe mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

Akauweka chini ya paja. "Jedida amekuandikia nini?"

"Anasema ni vizuri uangaliwe."

"Jedida yuko Busia, ataniona kwa darubini?" Kisha akamwita Mama alete redio, akatia ile kanda niliyompa, akabonyeza kwa kidole gumba. Ukatoka wimbo wa tatu, besi nene, sawasawa, hakuna noti iliyoyumba. Akauacha upite ubeti mzima. "Sikiliza mkono wa kushoto huo. Ni wa mgonjwa huo? Katana amesikia akasema, Gerishom umerudi ujanani. Pasta amesikia. Mama yako huyu hapa amesikia. Mashine ya Wazungu imenipima ikaniona mzima, wewe mwanangu unaniambia nini? Au mashine yako ni mwongo?"

Nilifungua kinywa, Dada, nikaona Mama ananitazama. Nikasema mashine si mwongo. Nikala kimanga, nikapanda gari nikarudi.

Nimekwenda tena mara mbili. Mara ya pili hakutaka kuniona. Mara ya tatu aliniketisha, akanisimulia habari za mjomba wake, ambaye mimi na wewe hatukuwahi kumsikia akitajwa. Walimjengea kibanda nyuma ya mihogo na chakula akiachiwa kwenye kifuu. Alikuwa mpiga zumari. "Alipohamishiwa kule," Baba akasema, "ikawa hakuna anayecheza ngoma kwa mlio wake, hata ukisikika. Watu walikuwa wakisimama tu, wanangoja anyamaze." Kisha akaniuliza kama lori la nanasi limepata tairi.

Mama alinisindikiza hadi njia panda. Hakuuliza chochote hadi gari lilipoonekana. Hapo akanishika mkono. "Mwanangu, jina lake usinitajie. Niambie tu kama nitenge vikombe."

Nilimwambia asitenge, na kwamba wewe ndiwe uliyesema. Sijui kama alisikia, utingo alikuwa akipiga kelele.

Nifanye nini? Nilizisahihisha nyimbo na kuzihifadhi juu ya zile za kwanza, ndiyo ada ya kazi yetu, ili disketi isijae makosa. Mkono wake wa kweli haupo tena mahali popote isipokuwa mkononi mwake. Tajiri amezisikiliza nyimbo kumi na moja, amenikumbatia.

Lewa


Busia,
1 Agosti 1988

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilipoona umetia sahihi bila hata "mdogo wako", nikajua.

Nimeomba ruhusa. Nimepewa kuanzia Septemba, si kabla, kwa kuwa Mueni amejifungua na wodi haina mtu. Nilimlilia matroni, akanijibu, "Hata hawa wana watoto, sista." Ni kweli. Kila asubuhi nashika mikono ya watu nisiowajua, nawakunjua vidole, nawapaka mafuta. Baba yangu namshika kwa stempu.

Usishindane na Baba kwa maneno. Kwa maneno atakushinda, ana Biblia nzima. Wala usimtukanie kanda yake mbele ya Katana. Huyu ni mpiga kinanda. Neno la daktari ataliona ni neno la mtu, lakini sikio lake hajawahi kulibishia. Tatizo ni kwamba sikio lake halijapewa ukweli: kinanda cha kanisani kinamfichia, na wewe umemfichia.

Uliniambia mwezi wa tano kuwa wimbo wa kumi na mbili hukuusahihisha. Naomba Mungu uvivu wako uwe umeendelea.

Jedida


Malindi,
Jumapili, 21 Agosti 1988

Kwa Dada yangu mpendwa Jedida,

Shikamoo. Mama anakungoja, amekwisha kukutengea nazi. Kiponda ataomba siku moja kutoka kwenye chumvi. Tajiri amefunga safari ya kwao na nakala za nyimbo kumi na moja, amesema wa kumi na mbili si lazima. Kuhusu usimamizi wa chumba hakusema neno, nami sikumuuliza.

Uvivu wangu uliendelea. Wimbo wa kumi na mbili ulikuwa kama ulivyotoka mkononi mwake.

Lakini kabla ya kumwita Baba nilifanya jambo la kipumbavu, na nakuandikia ili mtu mwingine alijue. Nilizifungua zile kumi na moja, nikajaribu kuurudisha mkono wake. Nilidhani kwa kuwa mimi ndiye niliyevivuta vijiti juu, naweza kuvishusha. Nikashusha cha pete, nikashusha cha mwisho, hapa thelathini, hapa ishirini na tano, pengine nikafuta noti nzima. Nikasikiliza. Ilikuwa kama mtu mzima anayemwigiza mgonjwa. Nikashusha zaidi, nikapandisha, nikachanganya. Kila nilichokifanya hakikuwa yeye. Udhaifu wake ulikuwa na mwendo wake, Dada, mahali alipojikaza na mahali alipoacha, na mimi niliusoma miezi yote hiyo kama makosa. Sikumbuki hata noti moja ilivyokuwa.

Baba alikuja Jumamosi iliyopita. Nilimtumia neno kwamba wimbo wa mwisho unahitaji sikio lake, na hilo halikuwa uongo. Alikuja na shati la mikono mirefu, jua lote hili. Akaketi. Nikamchezea.

Mkono wa kulia uliingia kama kawaida yake. Kushoto kukawa kimya, kisha noti moja, kisha kimya. Baba akainamisha kichwa. Ulipofika ubeti wa pili besi ilikuwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo, unasikia neno hili, la pili limechukuliwa na upepo.

"Waya umelegea," akasema.

"Waya ni mzima, Baba."

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii alikuwa akipiga pamoja nao juu ya meza, vidole vyote kumi. Nilivisikia vinane.

"Huyu ndiye mimi," akasema. Hakuuliza. "Na yule wa kwenye kanda ni nani?"

"Mkono wa kulia ni wako. Wa kushoto ni wangu."

Nilingoja anipige, Dada. Ningefurahi. Akasema, "Ulipiga vizuri. Katana alisifu."

Kisha akakunja mkono wa shati. Baka liko juu ya kiwiko, ukubwa wa jani la mkorosho, limepauka na ni kavu kama karatasi. Akaniambia lilianza kabla kaka yetu hajaenda Marereni. Hiyo ni miaka, Jedida. Ilikuwa hata kabla sijaletewa kinanda hiki. Akauweka mkono juu ya meza, akajaribu kukinyoosha kile kidole kwa mkono wa pili, kikanyooka, akakiachia, kikarudi. Akafanya hivyo tena na tena. Halafu akanisogezea mkono mzima upande wangu, karibu na kioo, akasema kwa sauti ndogo, "Na huu je, mashine yako haiwezi kuuvuta?"

Nimesoma miaka mingi. Niliushika tu. Nilikibonyeza kile kidole cha mwisho, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zangu zote, naye akaendelea kutazama dirishani, hajui kama nimemshika.

Amekubali kwenda hospitali, kwa sharti kwamba wewe uwepo na kwamba apige kwanza ibada ya Jumapili tarehe nne. Nilitaka kumkatalia, kwa kuwa umesema kila siku ina hesabu yake. Sikuweza. Atapiga, kinanda cha pumzi kitamsitiri, kanisa litaimba nyuma yake, na mimi na Mama tutakuwa tumeketi pale tukisikia kilicho kamili na tukijua. Pasta hajaambiwa. Baba anasema atamwambia yeye mwenyewe, baada.

Najua uliyoniandikia, kwamba kilichokufa hakifufuki. Sijamwambia. Nakuachia wewe umwambie, nami nasema wazi kwamba nakuachia kwa sababu naogopa.

Shika basi la kukufikisha mapema, usije ukakwama kivukoni Kilifi. Baba atakusalimia kwa mkono wa kulia, kama ilivyo ada, na ule mwingine ataurudisha nyuma. Usiridhike na mmoja, Dada, mwombe na wa pili.

Tutakungoja langoni mwa hospitali ya Malindi, Jumatatu, tarehe 5 Septemba, saa tatu asubuhi.

Mdogo wako,
Lewa